Supu ya Nazi Isiyotiwa Unga

Nilisingiziwa kwamba nilimnyima mume wangu chakula mpaka mguu wake ukaoza, ukakatwa. Nilisingiziwa ndani ya nyumba yangu, na watu waliokalia viti nilivyovifuta mwenyewe asubuhi ile. Walikunywa chai niliyoichemsha mimi, kisha wakaweka vikombe chini wakaanza kunisema. Sikumnyima chakula. Nilimpikia. Nitaeleza nilivyompikia, maana katika wote walionihukumu hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mume wangu ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi, hata mimi. Cherehani yake ni ya kukanyaga, nyeusi, ina maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika upande ule anaoegemeza mkono. Tangu tuoane anashona barazani, na mimi nikijilaza mchana nilikuwa nalala vizuri kwa mlio wa ile pedeli, kwa sababu nikiusikia najua yupo. Ni mtu wa maneno. Mteja akija kulalamika kwamba suruali inambana, humjibu, "Suruali haijapungua, ndugu yangu. Kamuulize mkeo anapika nini." Mteja huondoka anacheka, na suruali inambana vile vile.

Mimi ni mpara samaki. Nakaa sokoni nyuma ya meza za wauzaji, na kisu changu na ndoo mbili. Mtu akinunua samaki analeta kwangu nimpare magamba, nimtoe matumbo, nimkate vipande. Vidole vyangu vina makovu ya mapezi, na harufu ya kazi haitoki hata nikijisugua kwa ndimu. Soko likivunjika wauzaji hunigawia vilivyobaki: vichwa, mikia, ngisi wadogo, kamba waliokatika vichwa, mara moja moja mkono wa pweza. Ndiyo maana katika nyumba yetu, siku ambayo hakuna kitu, vitu vya baharini vipo.

Fundi alipougua hakusema. Alikuwa anakunywa maji mtungi mzima, anaamka kwenda chooni kila mara, nguo zake mwenyewe zikaanza kumpwaya akazipunguza kimya kimya kwenye cherehani yake. Mficha maradhi ndiye huyo. Tulikuja kujua kwa kidonda. Pedeli ina ukingo wa chuma uliochongoka, ukamchuna chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na kile kidonda kikakataa kupona.

Daktari alitukalisha wote wawili mbele yake. Naomba hilo likumbukwe, kwamba tulikaa wote wawili. Alimpima damu, akasema ni kisukari, tena kimeshapanda sana. Akaniangalia mimi. "Mama, dawa nitampa, lakini chakula ndiyo kazi yako. Wanga umwondolee. Ugali, wali, mihogo, viazi, mkate, uji, chai ya sukari, vyote. Mkimchezea, huu mguu ataupoteza."

Fundi akasema, "Daktari, wanga wenyewe ni majirani zangu. Nitawaondoaje?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nauangalia mguu.

Sasa mtu aliyelelewa na ugali, ukimwondolea ugali, unampa nini? Nilianza na samaki wa kuchoma na mchicha. Akala siku chache, akaanza kuutazama mlango wakati wa chakula, kana kwamba chakula chenyewe bado kinakuja. Ndipo nikatengeneza ile supu. Hakuna aliyenifundisha.

Nakuna nazi mbili. Nakamua tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, zito, naliweka pembeni nimelifunika. Yale machicha nayakamua tena mara mbili kupata tui jepesi. Natwanga tangawizi, kitunguu saumu na pilipili kali pamoja, pilipili nyingi kuliko anavyopenda mtu wa kawaida, kwa sababu niligundua kwamba mdomo ukiwaka unasahau kudai ugali. Nakaanga kitunguu mpaka kilegee, natia huo mtwango, manjano, nyanya, halafu tui jepesi. Pweza anaingia kwanza kwa kuwa mgumu, aive peke yake. Akishalainika, vichwa vya samaki na bilinganya niliyoikata vipande vikubwa, ili mtu atafune kitu. Ngisi na kamba mwisho kabisa, wakizidi hapo wanakuwa mpira. Ndipo namimina tui zito, nakoroga taratibu bila kufunika, likianza tu kutoa mapovu pembeni naepua. Naikamulia ndimu ikiwa chini. Mchicha natia mwisho, mvuke wa supu unamaliza kazi.

Siku ya kwanza alitia kijiko, akakiinua, akaitazama ikidondoka.

"Mke wangu, hii ni supu au ni mvua?"

"Kunywa, Fundi. Mvua ndiyo inayootesha."

Alikunywa. Jasho likamtoka, kamasi zikamtoka, akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akaomba tena. Kwa kweli ilimshibisha. Nazi ina mafuta, mafuta yanakaa tumboni. Jioni namwekea ikiwa moto, inayobaki naichemsha tena alfajiri isichache, naiacha ndiyo iwe chakula chake cha mchana wakati niko sokoni. Wiki zilivyopita kidonda kikaanza kukauka pembeni. Muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda akasema, "Mama, unachomlisha endelea nacho." Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, kilio cha raha, cha mwisho cha namna hiyo.

Basi wifi akaja.

Ni dada mkubwa wa Fundi, mjane. Alikuja kutusaidia, na sisemi kwamba alikuja na ubaya. Alifagia, alifua, alikaa na ndugu yake barazani wakikumbushana watu waliokufa. Mume wake yeye alikonda mpaka akamalizika kitandani, na tangu hapo mtu mwembamba akimwona anaona maiti. Tena ana imani moja ambayo sijui aliitoa wapi, kwamba mchuzi mwepesi ni dharau. Mwanamume akipewa mchuzi unaoonyesha chini ya bakuli, ni kwamba mkewe ameshamchoka.

Jioni yake ya kwanza alisimama nyuma yangu nikipakua.

"Wifi, hiki ndicho chakula cha mwanamume?"

"Ndicho alichoandikiwa na daktari."

"Daktari ameandika. Wewe umesoma?"

Sikusoma, na yeye anajua. Nikamwambia, "Nimesikia, wifi. Masikio hayaendi shule."

"Haya, mwenye masikio," akasema, akacheka, akachukua sahani yake ya wali akaenda kukaa. Nilidhani yameisha.

Baada ya hapo Fundi akaanza kula kidogo jioni. Bakuli namwekea, analichezea, analirudisha nusu. Nikimuuliza anasema, "Nimeshiba ya mchana. Hii supu yako ikilala inakuwa tamu zaidi." Nami nikafurahi. Nilikuwa nikikaa sokoni napara samaki huku natabasamu peke yangu kama mwehu, nawaza kwamba supu yangu ikilala inakuwa tamu. Muuza samaki mmoja akaniuliza, "Leo umeokota nini?" Nikamwambia, "Mume wangu anamaliza bakuli."

Kidonda kikalowa tena. Kikaanza kunuka. Muuguzi akafungua bendeji, akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. "Mama, anakula nini huyu?" Nikasema supu, ile ile. "Supu tu?" Supu tu. Akaendelea kusafisha kidonda kama mtu anayejua anadanganywa. Fundi alikuwa amekaa pale pale, mguu wake uko mkononi mwa yule muuguzi. Alitazama dirishani.

Siku niliyojua, samaki walikuwa wachache, nikarudi mapema kuliko kawaida. Wifi alikuwa ameenda kwa jirani. Fundi alikuwa amelala. Jikoni nikakuta bakuli lililobaki la mchana, limefunikwa kwa sahani. Nikafunua nimpashie.

Anayepika kwa tui anajua. Supu ya nazi ikipoa inajitenga. Mafuta yanapanda juu yanakaa kama ngozi nyeupe, maji yanabaki chini, na kila aliyeko ndani yake unamwona. Ile haikujitenga. Ilikuwa rangi moja juu mpaka chini, nzito, inang'aa. Nikalitikisa bakuli, haikutikisika. Nikaligeuza juu chini juu ya karai. Haikudondoka. Nilisimama na lile bakuli limegeuzwa mkononi, na kamba mmoja ametoa mkia kwenye ile supu iliyoganda, wala hadondoki naye.

Nikaonja. Kulikuwa na sukari.

Wifi aliporudi alinikuta nimelishika hivyo hivyo.

"Wifi, hii nini?"

"Supu."

"Supu ya nani?"

Akaweka kapu chini. "Nimetia unga wa mchele kidogo. Na sukari, kwa ajili ya ile pilipili yako. Unamchoma ndugu yangu matumbo kama una kisasi naye."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko tu."

"Nionyeshe hicho kijiko."

Akanyoosha mkono ukutani akachukua upawa.

Sikumpiga. Watu wamesema nilimpiga, sikumpiga. Nilimuuliza tangu lini, akasema tangu alipofika. Nikamuuliza nini kingine, akasema na uji, asubuhi nikishatoka, kwa sababu supu peke yake haimkai mtu. "Mgonjwa haulizwi uji, wifi. Utamwacha mtu afe na njaa ndani ya nyumba yenye unga?" Halafu akaanza kulia. "Wangu alikufa mwembamba kama ufagio. Nilimbeba mimi mwenyewe kwa mikono hii. Huyu simbebi."

Wiki ile ile kidole kikawa cheusi. Tulimpeleka hospitali. Walianza na kidole, wakaona haitoshi, wakakata chini ya goti. Mguu wa kulia, wa pedeli.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Fundi alikuwa ameshatoka hospitali, amekaa kwenye kiti kikubwa, kigutu kimewekwa juu ya mto. Akaja shemeji yangu, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, na mkewe, na shangazi wawili. Wifi alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Nikawapa chai. Shemeji alikunywa mpaka mwisho ndipo akasafisha koo.

"Shemeji, tumekuja kuuliza. Ndugu yetu tulikupa mzima."

"Mlinipa akiwa na miaka ishirini na kitu, shemeji. Leo ana mvi."

"Usinijibu kwa mzaha. Tumesikia ulikuwa unampa maji ya nazi na pilipili, kama kuku mwenye kideri. Mtu anakaa kwenye cherehani kutwa nzima, hana hata tonge la ugali tumboni. Mguu utapata wapi nguvu ya kupona?"

Nikaeleza. Daktari alisema hivi na hivi. Mke wa shemeji akasema, "Daktari alisema, au wewe ndiye uliyeelewa hivyo? Ungekuwa unajua kusoma tusingekulaumu, tungelaumu karatasi." Shangazi mmoja akaguna. Mwingine akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi, "Mwacheni. Hakukusudia. Hakuelewa tu."

Nikasema, "Muulizeni wifi alichokuwa akitia kwenye ile supu."

Wote wakamgeukia. Wifi alikuwa anakwaruza mkeka kwa ukucha. "Mimi nilikuwa napasha moto tu," akasema.

Nikamgeukia mume wangu. Sikuwa na pa kugeukia pengine. Nilijua kwamba alikula ile supu, na nilidhani alikula bila kujua, kama nilivyokuwa nikichekelea sokoni bila kujua. Lakini alikuwa chumbani kwa daktari. Aliyasikia maneno niliyoyasikia mimi. Hilo tu angelisema, kwamba mke wangu alielewa sawasawa, lingenitosha.

Fundi alikitazama kigutu chake. Akasema, "Yaliyopita yamepita. Tusigombane."

Shemeji akasema, "Umesema vema." Wakaagana. Vikombe niliviosha mimi.

Kilichobaki nilikuja kukijua siku chache baadaye, kwa mdomo wa wifi mwenyewe. Alikuwa anafunga virago vyake aondoke. Alikuja jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi maana hapakuwa na kiti kingine, akasema, "Wifi, niliogopa. Kaka yangu ananitisha tangu utotoni. Nisamehe." Akakaza fundo la kanga yake. "Tena si mimi peke yangu. Siku ya kwanza kabisa mumeo alionja akaniita. Akaniuliza, dada, umetia nini humu? Nikamwambia unga. Nikajua atanifokea. Akasema, tia, lakini usimwambie mwenzako."

Nilikuwa natwanga. Niliendelea kutwanga mpaka vitunguu saumu vikawa maji.

Wifi alipoondoka nilikwenda kwa Fundi nikasimama mbele ya kiti chake. "Ulijua."

Hakuuliza nini. Hilo ni jema lake moja, hakunifanya nieleze. "Nilikuwa na njaa, mke wangu," akasema. "Si njaa ya tumbo. Wewe huijui."

"Na ulipoona kidonda kinalowa?"

"Nilisema kesho nitaacha."

"Na ile kuniambia ikilala inakuwa tamu?"

Akafuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa ukifurahi nikimaliza bakuli. Nilikuona unavyofurahi."

Nikamwambia amwite kaka yake, amwambie alivyoniambia mimi. Akatikisa kichwa. "Nikamwambie kaka kwamba mguu wangu nimeula mwenyewe kwa kijiko? Mguu umekwenda. Na heshima nayo uichukue?"

"Yangu mmeshaichukua," nikasema.

"Wewe ni mwanamke mwenye nguvu," akasema. "Utabeba."

Basi nabeba. Shemeji alipomwoza binti yake, wanawake wote wa ukoo waliitwa kupika. Mimi nilifika na kisu changu na mwiko wangu, kwa sababu siku zote samaki wa ukoo huu ninawashughulikia mimi. Mke wa shemeji alinipokea mlangoni, akautoa mwiko mkononi mwangu kwa tabasamu, akanielekeza uani kwenye mabeseni. Niliosha sahani kutwa. Kila nikipita karibu na masufuria, mtu alisogea akasimama kati yangu na moto. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Ni huyu?" Akafinywa. Fundi alikuwa amekaa mbele na wanaume, magongo yake yameegemezwa ukutani, anawachekesha. Nilisikia kicheko chao mpaka uani.

Siku hizi anashona kwa cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Haina mlio ule. Mchana silali.

Supu bado naipika. Dawa anakunywa, sukari imeshuka, mguu uliobaki ni mzima, na kila jioni naukagua kati ya vidole, kimoja kimoja, kwa taa. Simwachii mtu aipashe tena. Nikienda sokoni naibeba kwenye kikapu changu cha chakula, mchana narudi mbio na mikono yenye magamba, naipasha, nampa, nasimama mpaka amalize. Ikibaki, inapopoa naiangalia. Mafuta juu, maji chini.

Majirani wananiona nikisimama pale mlangoni wakati anakula. Wanasema, mwanamke huyu anampenda mumewe, au anamlinda kama mfungwa. Wachague wenyewe. Mimi nasimama kwa sababu nangoja.

Wifi simdai tena. Alichokuwa nacho alikileta jikoni, akakitoa, ingawa alikitoa mahali ambapo hakuna mwingine wa kusikia. Shemeji na mkewe na wale shangazi ningewadai radhi, maana walinihukumu, lakini hawawezi kujua wamenikosea mpaka waambiwe. Wa kuwaambia ni mmoja. Ninayemdai ni mume wangu, Fundi. Ninamdai maneno machache, mtu anaweza kuyasema kabla chai haijapoa: nilijua kilichomo, nikala, yeye hakujua. Ayaseme sebuleni, kwenye kiti kile kile, kaka yake akiwa amekaa pale alipokaa siku ile. Viti nitavifuta mimi.